Kitenzi cha Nafsi ya Kwanza

Tangu mwezi Juni, kila Jumamosi saa kumi alasiri, natoka nyumbani kwangu Mikocheni B nikiwa na daftari la kurasa mia moja, la aina ile wanayonunuliwa watoto wa shule ya msingi, naenda kujifunza Kihispania kwa jirani yangu. Nina umri wa miaka hamsini na saba. Mke wangu anasema ni afadhali hivyo, kwa kuwa anajua mahali pa kunipata. Mwanafunzi wangu mmoja aliniona katika foleni ya Mwenge nikizungumza peke yangu ndani ya gari, akawaambia wenzake kwamba mwalimu ameanza kuchoka. Habari hiyo ilinifikia kabla ya kipindi cha Jumatatu.

Sababu ya kujifunza ni aibu ya kitaaluma. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefundisha nadharia za maendeleo, na katika somo hilo hakuna namna ya kuikwepa Amerika ya Kusini. Mawazo yaliyojadiliwa sana hapa Dar es Salaam katika miaka ya sabini, juu ya utegemezi, juu ya kitovu na pembezoni, kwa sehemu kubwa yalipikwa Santiago, katika tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa iliyopata kuongozwa na Raúl Prebisch, na katika vyuo vya mji huo. Nimeyafundisha mawazo hayo kwa mamia ya vijana bila kusoma hata ukurasa mmoja katika lugha yaliyoandikiwa. Nilisoma tafsiri za Kiingereza, kisha nikazifasiri tena kwa Kiswahili kila nilipoona nyuso za wanafunzi zimeduwaa. Kinda la ndege hulishwa hivyo hivyo, chakula kilichokwisha kutafunwa na mwingine, lakini kinda hukua.

Jirani yangu ni mzee wa miaka sabini na kitu, mtaalamu wa kilimo, aliyesoma Cuba kuanzia mwaka 1978 hadi 1983 na kurudi kuitumikia serikali mikoani mpaka alipostaafu. Hapendi jina lake liandikwe. Nikifika namwamkia, "Shikamoo mzee," naye hujibu, "Marahaba profesa," ingawa anajua fika kwamba mimi si profesa. Baraza lake linatazama ukuta wa jirani wenye nyaya za umeme juu. Anasema alipohamia hapa bado palikuwa na mikoche michache iliyoupa mtaa huu jina lake, na mtu aliweza kuona mbali. Kihispania chake kimekaa miaka arobaini bila mtu wa kuzungumza naye. Nadhani anakifurahia kuliko ninavyokifurahia mimi.

Siku ya kwanza nilitarajia salamu, au namna ya kuuliza bei ya nyanya. Mzee alinipa karatasi mbili zilizopigwa taipu, rangi yake imekuwa ya chai. Ilikuwa hotuba ya mwisho ya Salvador Allende. Mwalimu wao wa lugha huko Cuba, alinieleza, aliwakaririsha hotuba hiyo nzima kwa sababu ni fupi, na kwa sababu aliyeitoa hakuwa na muda wa kuzungusha maneno.

Kwa vijana ambao hawakuipata habari hii: Allende alichaguliwa kuwa rais wa Chile mwezi Septemba 1970. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilitaifisha migodi yake mikubwa ya shaba, jambo ambalo Watanzania, waliotaifisha mabenki Februari 1967, hawakuhitaji mkalimani kulielewa. Tarehe 11 Septemba 1973 jeshi lilimpindua. Saa tatu na dakika chache asubuhi, akiwa ndani ya ikulu ya La Moneda, alizungumza na wananchi kwa mara ya mwisho kupitia Radio Magallanes. Karibu na saa sita mchana ndege za jeshi la nchi yake ziliipiga ikulu hiyo kwa mabomu. Hakutoka humo akiwa hai.

Mzee aliniagiza nipigie mstari kila kitenzi kilicho katika wakati uliopo. Vilikuwa vichache kuliko nilivyodhani. Sehemu kubwa ya hotuba ni ya mambo yatakayokuja: historia itawahukumu, wengine watalivuka giza hili, njia pana zitafunguliwa tena. Mtu ambaye hana hakika ya kuiona alasiri yake anazungumzia miaka ijayo. Kwa hiyo kila anaporudi kwenye wakati uliopo, msomaji husimama. Kwangu mimi mwanafunzi ilikuwa nafuu pia, maana vitenzi vya kukariri vilikuwa vichache.

Cha kwanza kilikuwa *tengo*. Katika Kihispania mtenda huwekwa mkiani mwa kitenzi. Sisi humtanguliza: katika *ninafanya*, msikilizaji anamjua mtu kabla ya kulijua tendo. Wao husubiri hadi silabi ya mwisho, na ile *o* ndiyo "mimi". *Tengo*, nina. *Tienes*, una. *Tiene*, ana. *Tenemos*, tuna. *Tienen*, wana. Ipo na nafsi nyingine ya watu wengi wanaozungumzishwa, ambayo hutumika Hispania. Mzee alisema Wacuba waliitupa zamani, nami nisijisumbue nayo. Nikafurahi.

*Tengo fe*, anasema Allende: nina imani. Anawaambia wafanyakazi wa nchi yake kwamba ana imani na Chile na mustakabali wake. Nilikaa na maneno hayo mawili wiki nzima kabla ya kutambua kilichokuwa kigeni ndani yake. Maisha yangu yote, tangu gwaride za shule ya msingi hadi sherehe za Mei Mosi nilizohudhuria nikiwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, nimesikia kitenzi hicho kikienda upande mmoja tu. Sisi wa chini tuna imani na kiongozi. Tunaimba hivyo, tunapiga makofi hivyo, na hupimwa nani ameimba kwa sauti na nani amefungua mdomo tu. Hapa aliye juu, mabomu yakisubiriwa, anawaambia walio chini kwamba yeye ndiye mwenye imani nao. Sarufi ni ile ile. Kiima tu ndicho kimehama.

Kitenzi cha pili ndicho kilichonisumbua, na ndicho kilichonifanya niandike haya.

Mapema katika hotuba Allende anasema kwamba historia ni yetu, na ni *pueblos* wanaoifanya: *la hacen los pueblos*. *Hacer*, kufanya, kutengeneza. *Hago, haces, hace, hacemos, hacen.* Tulibishana kwanza juu ya *pueblos*. Mzee alilitafsiri kuwa "umma", kama walivyofundishwa wakati ule. Mimi nilitaka "wananchi". Kisha akanikumbusha kwamba neno hilo hilo *pueblo* huwa pia na maana ya kijiji au mji mdogo, na kwamba yeye alipolisikia mara ya kwanza, akitoka Tanzania ya mwaka 1978, alidhani Allende anasema historia hutengenezwa na vijiji.

Hakucheka aliposema hivyo, nami sikucheka. Miezi miwili baada ya hotuba ile ya Santiago, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kazi hiyo iwe imekamilika. Operesheni ilipofika kwetu Shinyanga mwaka 1974 nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka lori, na nakumbuka mama akiwa amebeba mlango. Mlango wa mbao, wa nyumba yetu, kichwani. Nitarudi kwenye mlango huo.

Jumamosi moja ya mwezi Agosti tukiwa katikati ya *hacer* taa zilizimika na feni ikasimama. Mtoto wa jirani nyuma ya ukuta akapiga kelele, "Wamekata!" Mzee, ambaye ana zaidi ya miaka thelathini ya utumishi wa serikali mgongoni, akasema kwa upole, "Umekatika." Tulicheka sana. Halafu, kwa kuwa hatukuwa na feni wala cha kufanya, tuliligeuza kuwa somo.

Kiswahili kina njia tatu za kulisema tukio lile. *Wamekata umeme*: yupo mtu, ingawa hatumjui. *Umeme umekatwa*: mtu amefichwa, lakini mlango haujafungwa, kwa maana bado naweza kuuliza, umekatwa na nani? *Umeme umekatika*: hapo swali lenyewe haliwezekani. Hakuna Mswahili atakayeuliza "umekatika na nani?" Sarufi yenyewe itamkatalia. Tendo limejitenda. Mzee alisema Wacuba nao wana namna yao, *se fue la luz*, umeme umejiendea zake, na kwamba katika miaka yake kule ulijiendea mara nyingi.

Wapo wanaonisoma walio katika ofisi za umma, nao wanajua ninakoelekea. Lugha yetu ya kiofisi imeipenda kauli ya kutendeka kuliko mshairi anavyoipenda mizani. Jalada halionekani. Fedha zimepotea. Mradi umekwama. Malipo yamechelewa. Mchakato unaendelea, na huu ndio wakati uliopo wetu mkuu, kitenzi chenye kiima kisicho na miguu wala mikono na ambacho hata hivyo kinaendelea. Mtoto wa nyuma ya ukuta alikuwa na sarufi bora kuliko waraka wowote niliowahi kuuandika.

Mzee akaniambia sasa niseme *hacer* kwa nafsi zote bila kutazama daftari, katika giza. *Haces, hace, hacemos, hacen.* Akasema nimesahau moja. Nikarudia, nikaisahau tena. *Hago*, akasema. Nafanya mimi. "Profesa, wanafunzi wote huanza na hiyo."

Ningeweza kulipita jambo hili kama kuteleza kwa kumbukumbu ya mtu mzima. Lakini usiku ule nilipokuwa nikirudi kwa miguu nilikumbuka neno moja nililolitamka miaka kumi na minne iliyopita, na tangu hapo halijaniacha.

Mwaka 2011 nilikuwa katibu wa kamati ndogo katika chuo ambacho sitakitaja. Tulikuwa watu watano. Mbele yetu kulikuwa na suala la msichana wa mwaka wa tatu ambaye ada yake haikuwa imekamilika kwa kuwa fedha za mkopo wake hazikuwa zimeingia. Angalieni sentensi hiyo: fedha hazikuwa zimeingia, kama vile fedha ni mgeni aliyepotea njia. Swali lilikuwa kama aruhusiwe kufanya mitihani wakati suala lake likishughulikiwa. Mwenyekiti wetu, mtu mzima na mwenye huruma, alitaka aruhusiwe. Wawili walikuwa njia panda. Mimi ndiye niliyesema kanuni ni kanuni, na kwamba tukimfungulia mmoja tutawafungulia wote. Nilisema hivyo kwa ufasaha. Nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo mwaka ule na nilitaka kuonekana mtu wa msimamo. Wale wawili wakaja upande wangu, na mwenyekiti akasalimu amri.

Kisha nikaandika kumbukumbu za kikao. Ilionekana kwamba mwanafunzi hajatimiza masharti. Ikaamuliwa kwamba asiruhusiwe. Ni Kiswahili sanifu, hakuna mhariri angekigusa.

Nilipotoka alikuwa kwenye benchi la nje. Alisimama, akaniamkia, akauliza, "Mwalimu, nani ameamua?"

Nikamjibu, "Imeamuliwa."

Muhula huo nilikuwa nikimfundisha. Mada ya wiki ile ilikuwa uhusiano kati ya mifumo na watu, na nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikieleza kwa mapana kwamba mifumo haijiendeshi, kwamba nyuma ya kila mfumo wapo watu wanaochagua. Alipoteza mwaka mzima.

Nilipomsimulia mzee habari hii Jumamosi iliyofuata, hakunihukumu wala hakunifariji. Alifanya jambo la kiualimu. Alinirudisha kwenye karatasi zile na kunionyesha sentensi nyingine niliyokuwa nimeipigia mstari bila kuielewa: *no se detienen los procesos sociales*. Michakato ya kijamii haizuiliki. Hapo Allende mwenyewe anatumia kitenzi kisicho na mtenda. Na katika sentensi hiyo hiyo anasema *tienen la fuerza*, wanayo nguvu, bila kusema ni akina nani. Kwa hiyo, alisema mzee, usinijie hapa na dini mpya kwamba kila kauli isiyo na mtenda ni woga. Yapo mambo makubwa kuliko mtu mmoja.

Nilimjibu kwa kumwonyesha mahali pengine katika hotuba, ambapo Allende anawataja maofisa wawili wa juu waliomsaliti, Merino na Mendoza, kwa majina na vyeo vyao, hewani, nchi nzima ikisikia. Pale ambapo mtu alichagua, alimtaja mtu. Pale ambapo alizungumzia historia, aliiacha ijiendee. Nadhani tofauti hiyo ndiyo ninayoitafuta, ingawa sidhani kwamba nimempata mzee upande wangu. Alisema tu, "Wewe ulikuwa Mendoza au ulikuwa mchakato?" na akaenda kuleta chai.

Nikamwambia pia habari ya mlango. Mama yangu, aliyefariki miaka sita iliyopita, hakuwahi kusema "tulihama". Wala hakusema "walituhamisha". Alisema "tulihamishwa", kila mara, kwa sauti ile ile, awe anawasimulia wajukuu au anaeleza kwa nini mti fulani wa maembe ni wetu ingawa umo katika shamba la mtu mwingine. Kwa miaka mingi nilidhani ni woga wa kutaja. Sasa naona kwamba ilikuwa ni usahihi. Kauli ya kutendwa kinywani mwa aliyetendwa ni ushahidi: inasema jambo hili halikutoka kwangu. Neno lile lile, "wananchi walihamishwa", likiandikwa katika ripoti na aliyehamisha, linakuwa shuka la kujifunika. Ndiyo sababu sikubaliani na wenzangu wa lugha wanaotaka tuandike kanuni ya kuipiga marufuku kauli hiyo katika nyaraka za serikali. Kabla ya kuipiga marufuku yatupasa kuuliza ni nani anayeishika kalamu. Mlango ule mama aliubeba kwa sababu nyumba mpya tulizoambiwa zipo tayari hazikuwepo, na mtu mwenye mlango ana mahali pa kuanzia.

Mwezi Septemba niliitafuta namba ya mwanafunzi wangu yule. Yuko Dodoma, mtumishi wa umma katika wizara moja, na nasikia ni mtumishi mzuri. Nilipiga simu saa mbili usiku. Aliniamkia kwa heshima, akauliza hali ya nyumbani, nami nikamuuliza hali ya watoto, tukazunguka hivyo kwa muda kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimeandika sentensi yangu kwenye daftari la Kihispania, kwa Kiswahili, ili nisiibadilishe katikati. Nikaisoma: "Mwaka 2011, suala lako la mitihani, mimi ndiye niliyependekeza usiruhusiwe. Mwenyekiti alitaka uruhusiwe. Nilimshinda."

Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

Akaniambia kwamba miaka yote hiyo aliamini ni mwenyekiti. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kikaoni, na kwa kuwa hakuna aliyetajwa, alimchagua mkubwa. Alipomaliza chuo hakumwalika katika sherehe yake, ingawa alikuwa mtu wa kwao na ndiye aliyempokea chuoni siku ya kwanza. Walipokutana njiani aligeuza uso. Mwenyekiti yule alifariki mwaka 2019. Wenzake waliokuwa Dodoma walikodi basi kwenda kwenye mazishi, wakamwomba jina na mchango, akawaambia ana kazi.

"Hakuniambia," alisema. "Tulikutana mara nyingi, mwalimu, na hakuniambia."

Nilimweleza kwamba kumbukumbu za kikao zilikuwa siri, na mwenyekiti yule alikuwa mtu wa kutunza siri za vikao. Hakujibu hilo. Aliuliza kama mjane wake bado anaishi Dar es Salaam, na kama ninayo namba yake. Nilimtumia usiku ule ule.